Mambo Matatu na Kiatu Kimoja

Osiri, Migori
4 Januari 1998

Dada yangu Benta,

Mwaka mpya umetukuta chini ya ardhi, lakini umetukuta hai, na kwa hilo nashukuru. Maroa, mwenye shimo hili la dhahabu, alichinja mbuzi mmoja kwa watu zaidi ya thelathini. Mimi nilipata mfupa wa shingo. Kifua kinanibana nikipanda juu, na mgongo ni ule ule unaoujua. Nyinyi je? Nisalimie baba Liz, na Liz mwenyewe, ambaye nasikia ameota meno. Salamu za pekee zimwendee shemeji yako Otieno. Mwambie shimo letu limekuwa refu tangu alipoondoka, na kijana aliyechukua nafasi yake ni mvivu na anaimba vibaya.

Sasa nije kwa neno lililonifanya niombe karatasi. Mourine anaingia darasa la nane. Tangu mama yake afariki umemlea kama uliyemzaa, na mimi nawajibika kwa kalamu na karo tu. Lakini kila nikikumbuka ile njia yake ya shule, chakula kinanikwama. Daraja la mto Awach lilichukuliwa na mvua ya Elinino, nami nililiona kwa macho yangu nilipokuja Novemba. Lile gogo walilolaza ni jembamba na linateleza. Kama si kamba tuliyofunga mimi na Otieno kutoka mti hadi mti, watoto wasingekuwa na pa kushika. Na siku hiyo maji yalikuwa yamepungua. Mvua ya Machi ikija itakuwaje?

Nasikia kile Kikundi cha Haki mlichoanzisha huchagua mambo ya kudai serikalini kila mwanzo wa mwaka. Wewe ni mwanachama. Liweke daraja, nyamera, dada yangu. Sina mtoto mwingine.

Ndugu yako,
Elkana


Kamwala, Homa Bay
13 Januari 1998

Ndugu yangu Elkana,

Barua yako ilikaa posta siku kadhaa kabla mtu hajaniambia. Tumefurahi kuona mwandiko wako. Hapa nyumbani tuko tu. Mahindi ya Elinino yalioza shambani, tunakula mtama. Liz ana meno manne na ameniuma. Mourine ameshika namba tatu katika majaribio, na ameniomba nikwambie kwamba namba moja na mbili ni watoto wa mwalimu. Viatu vyake vimekwisha, anavaa ndala.

Kuhusu daraja, sikiliza jinsi tunavyofanya, maana si kama unavyofikiri. Mwaka juzi tulidai mambo tisa. Tulikimbia ofisi hadi ofisi na hatukupata hata moja. Ndiyo maana sasa tunachukua mambo matatu tu, na tukiyachukua hatuyabadilishi hadi Januari nyingine. Kwa kuwa wengi wetu hawasomi, kila anayeleta jambo huleta kitu cha kulionyesha. Vitu hupangwa chini, na kila mtu hupewa punje tatu za mahindi aweke penye moyo wake. Aliyeleta jambo ndiye mwenyewe. Hakuna mwingine anayeweza kuliondoa.

Mtu aliye mbali anaweza kutuma kitu chake. Tutakutana Jumapili ya tarehe ishirini na tano, kwa sababu Jumamosi Wasabato hatuji. Mpe kondakta wa magari ya Homa Bay kitu chako akifikishe kwa karani wetu mpya, Bwana Osoro, kwenye ofisi ya parokia karibu na stendi. Ni Mkisii, ameletwa mwezi huu, ni mtu wa haraka lakini si mbaya. Siku hizi hatuombi tena kibali cha chifu cha kukutana, sheria imebadilika, ila naibu wake bado huja kukaa nyuma akiandika majina.

Baba Liz anakusalimu. Kuna habari nyingine ya hapa nyumbani, lakini haifai karatasi. Baba Liz amesema atamtuma mtu aje akwambie kwa mdomo.

Ni mimi dada yako,
Benta


Osiri
22 Januari 1998

Nyamera Benta,

Nimepata barua leo, na leo hii nimeshuka Migori. Kwa kondakta nimempa furushi la vitu viwili. Kimoja ni viatu vya Mourine, vyeusi, vya ngozi, vya kamba. Nimenunua vikubwa kidogo ili avivae hadi mtihani.

Cha pili ni kitu cha mkutano. Nimewaza sana: daraja linaonyeshwa kwa nini? Ubao? Jiwe? Kisha nikaona jibu liko mbele yangu. Nimekata pima moja ya ile kamba yetu ya katani tunayoteremkia shimoni, ile ile tuliyokata kipande cha kufunga mtoni Novemba. Kila mtu wa Kamwala ameishika kamba ile kwa mkono wake. Wakiiona tu watajua ni jambo gani, hata asiyesikia. Nimemwandikia Bwana Osoro aeleze hivyo mbele ya watu: kwamba hii ni ndugu ya kamba iliyoko Awach, na walioifunga ni Elkana na Otieno. Jina la Otieno litasaidia, yeye anapendwa kuliko mimi.

Mwambie Otieno aiangalie vizuri. Ataona pale alipoifunga fundo la nyani, alilolijua yeye peke yake.

Huyo mtu wa baba Liz hajafika. Kama ni habari ya mahari ya Otieno, mwambie asioe bila mimi.

Nimeandika nikiwa na furaha, jambo ambalo ni nadra huku. Naomba Jumapili iende vizuri.

Elkana


Kamwala
15 Februari 1998

Ndugu yangu Elkana,

Salamu. Natumaini kifua kimepoa. Chemsha majani ya mwarobaini unywe, hata kama ni machungu. Ng'ombe wa baba Liz amezaa dume. Mvua bado, ila joto ni la mvua.

Barua yako ya Januari ilinifikia baada ya mkutano. Ningeipata kabla, ningekwenda mwenyewe kwa Osoro. Haikuwa hivyo.

Mkutano ulifanyika. Watu walikuwa wengi. Mambo yaliyochukuliwa ni haya: dawa za zahanati, zilizoonyeshwa kwa chupa tupu, mahindi ya msaada yanayogawiwa kwa kujuana, yaliyoonyeshwa kwa gunia lililochanika, na vitambulisho, jambo la Mellen, yule mama mfuaji wa ng'ambo ya mto. Yeye alileta kioo, akasema serikali haijui uso wake. Watu walicheka, wakampa.

Daraja halikuingia.

Usiwakasirikie watu. Si kwamba hawataki daraja.

Ukipata nafasi, Mourine anahitaji viatu vingine. Saizi ni ile ile. Yeye ni mzima.

Benta


Osiri
2 Machi 1998

Dada Benta,

Kwanza salamu, ili usiseme nimekosa adabu. Mzima? Baba Liz mzima? Ndama mzima? Haya.

Sasa niambie. Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa, nikaisoma nikiwa nimesimama, na haisemi kitu. Kuna mtu mmoja hapa, Nchagwa, Mkuria wa Kehancha, tunapiga mawe pamoja. Nilimsomea. Akaniambia, "Elkana, dada yako anakuficha."

Nikamwambia, "Dada yangu hajui kuficha. Akiwa mdogo alikuwa akiiba sukari na kujisema mwenyewe."

Akasema, "Basi sasa amekuwa mkubwa."

Daraja lilipata punje ngapi? Hata hilo hukuandika. Wewe una punje tatu. Baba Liz ana tatu. Otieno, aliyefunga kamba kwa mikono yake, ana tatu. Hata tisa za nyumba moja hazikuonekana? Nilituma kamba ile kwa moyo mweupe. Kama watu wanataka daraja na hawakuweka mahindi, basi walitaka kwa namna gani? Au ni yule naibu wa chifu aliyewatisha kwa kalamu yake?

Na Otieno ana nini na mimi? Barua mbili nimemsalimu, barua mbili hakuna hata neno "naye anakusalimu". Miaka minne nimeshuka shimoni nikiwa nimeshikwa na mkono wa mtu huyo. Kama nimemkosea, aniambie.

Halafu viatu. Viatu vile ni vya ngozi, vimeshonwa, vina soli mara mbili. Mtoto hawezi kuvimaliza kwa wiki tatu hata akivila. Unaniomba vingine, saizi ile ile, halafu unaandika "yeye ni mzima". Mimi sikuwa nimeuliza kama ni mzima. Kwa nini umenijibu swali ambalo sikuuliza?

Mvua imeanza huku. Juzi shimo la jirani limeporomoka, bahati hapakuwa na mtu. Sina amani. Sitanunua viatu hadi uniambie vile vya kwanza viko wapi.

Elkana


Osiri
22 Machi 1998

Benta,

Hakuna barua. Jumapili tatu nimeshuka Migori nikasimama stendi nikiwauliza makondakta wa Homa Bay. Mmoja ameniambia Awach imevuka kingo na watu wanakaa kila mmoja upande wake. Mwingine akasema hajui Awach ni nini. Mtu wa baba Liz hajawahi kufika, na sasa sidhani alitumwa.

Nimemwomba Maroa ruhusa. Amesema, "Nenda, lakini kamba haitakungoja, nitamshusha mwingine." Nikitoka sasa natoka kabisa, na karo ya muhula wa pili sijaifikisha.

Niandikie hata mstari mmoja. Andika "Mourine anakula" au andika "njoo". Nitajua la kufanya.

Elkana


Kamwala
6 Aprili 1998

Ndugu yangu,

Mourine anakula. Naanza na hilo, salamu zitafuata.

Umenisema kwamba nilikuwa najisema mwenyewe nikiiba sukari. Nimelia niliposoma hapo. Omera, ndugu yangu, sikunyamaza kwa kupenda. Baba Liz alinikataza. Jana amesema, "Mwandikie, nimechoka kuona barua zake zikimsalimu." Kwa hiyo kaa chini, uwe na mtu karibu. Mwite huyo Nchagwa.

Otieno hayupo. Alitutoka Desemba, kabla ya Krismasi, kwa mkono wake mwenyewe. Hakuumwa na hakuna aliyemgombeza. Tangu arudi kutoka huko kwenu alikuwa mtu wa kukaa kimya na kukohoa, nasi tukadhani ni kifua. Unajua desturi yetu kwa aliyekufa hivyo. Alizikwa upesi, bila kilio, bila wageni, na jina lake halitajwi. Mti alioutumia umekatwa na kung'olewa shina. Baba Liz alisema habari ya namna hiyo haiandikwi, hupelekwa na mtu. Aliyemwomba aje kwako aliogopa kuibeba, akakaa nayo hadi leo.

Sasa utaelewa. Kamba aliyoichukua ni ile ya mtoni. Tangu siku hiyo hakuna kamba Awach, na hakuna mtu wa Kamwala anayethubutu kufunga nyingine pale. Hata mbuzi tunawafunga kwa vitambaa. Watoto wamekuwa wakipita kwenye gogo mikono mitupu.

Januari, Bwana Osoro alipanga vitu chini. Chupa, gunia, kioo, jembe, vyote. Mwishoni akafungua furushi lako, akatoa kamba, akainyoosha kwa mikono miwili juu ya watu wote. Hakujua. Aliletwa baada ya mambo hayo, na nani angemwambia, wakati hatuambiani sisi kwa sisi? Akasema kwa sauti ile yake kubwa, "Hii ni ndugu ya kamba iliyoko Awach. Walioifunga ni Elkana na Otieno!"

Baba Liz aliinuka akaenda zake. Watu wakaanza kuweka mahindi, lakini walizunguka mbali, kama mtu anavyozunguka nyoka. Nilikuwa na punje tatu mkononi. Nilizibana hadi zikaniachia alama. Niliziweka kwenye chupa. Kamba yako haikupata hata moja, na Osoro akaandika kwamba watu wa Kamwala hawahitaji daraja.

Viatu: wiki iliyofuata Mourine aliteleza kwenye gogo. Mellen alikuwa anafua chini kidogo, akamshika kwa kola ya sare. Maji yalichukua kiatu cha kulia na begi la vitabu. Hakuumia. Tangu mvua ianze nimemweka nyumbani, amekosa wiki tatu na mtihani wa muhula. Shule zimefungwa sasa. Zitafunguliwa Mei, na maji ya Mei unayajua.

Tarehe kumi na tisa tuna mkutano wa kusomewa mambo matatu kabla hayajapelekwa kwa mkuu wa tarafa, D.O. Huwa ni kusikiliza tu na kupiga makofi. Sijui kama nitaweza kusema. Nikisema daraja, lazima niseme kamba. Nikisema kamba, lazima nimtaje yeye, mbele ya wazee na mbele ya baba Liz.

Nisamehe.
Benta


Osiri
12 Aprili 1998

Nyamera,

Nchagwa alinisomea, mimi niliishia mstari wa tatu.

Shimoni, aliye juu ndiye humvuta aliye chini. Otieno alikuwa akinivuta akiimba. Siku ile mimi nilikuwa chini huku, na yeye alikuwa juu huko peke yake, na hakuna aliyekuwa ameshika upande wa pili. Mwambie baba Liz simlaumu. Mwambie pia kwamba mimi nitamtaja ndugu yake kila siku hadi nife, kwa sababu huku mashimoni hatujui desturi hiyo, au tumeichoka.

Hiyo kamba niliyotuma, mzee wa ukoo aiondoe anavyojua. Isikae ofisini kwa Osoro.

Sitakulazimisha kusema, wewe ndiwe unayeishi hapo. Lakini nasema hivi: Januari watu hawakulikataa daraja, walikimbia kamba. Yule Mkisii ameandika kitu ambacho hakikutokea, na hajui. Akikipeleka kwa D.O. kitakuwa kweli mwaka mzima. Mei iko kabla ya Januari.

Kiatu cha kushoto mmekitupa?

Elkana


Kamwala
27 Aprili 1998

Ndugu yangu Elkana,

Pokea salamu za watu wote wa hapa, na safari hii nimetumwa kweli, hata na wazee. Liz anatembea akishika ukuta. Baba Liz amepanda viazi.

Kiatu hatukukitupa. Kilikuwa chini ya kitanda cha Mourine, amekijaza magazeti kisipoteze umbo. Mimi nilipanga kusema kwa mdomo. Asubuhi ya mkutano namwona mtoto ametoka amevaa ndala, kiatu kiko kwapani. Nikamuuliza, "Unakipeleka wapi?" Akasema, "Baba ameuliza kiko wapi." Sikujua kwamba anasoma barua zako.

Bwana Osoro alisoma mambo matatu, watu wakapiga makofi. Nikasimama. Nikasema, "Karani, kuna jambo hukuambiwa." Akasema, "Mama, mambo ya mwaka yamefungwa. Ndiyo kanuni yenu wenyewe, mimi nimeikuta."

Nikamtaja Otieno. Jina lake, na jina la baba yake. Nikasema kamba ya Awach ilikwenda wapi, na kwa nini ile nyingine haikupata punje. Mzee mmoja akafunika uso kwa kofia. Nilimtafuta baba Liz kwa macho, nikadhani ameondoka tena. Alikuwa amesimama mlangoni. Hakutoka.

Osoro alikaa chini kwenye benchi kama aliyekatwa mguu. Akasema, "Na mimi niliinyoosha kwa mikono miwili." Mellen akamjibu, "Ndiyo, na ukaizungusha watu wote waione vizuri." Ajabu, watu walicheka. Nadhani walikuwa wametafuta mahali pa kucheka tangu Desemba.

Hapo Mourine akapita katikati akaweka kiatu chini. Kilionekana kidogo sana pale sakafuni.

Osoro akasema, na sauti yake safari hii ilikuwa ndogo, "Mambo ni matatu. Likiingia la nne tutarudia yale ya mwaka juzi. Na hakuna anayeweza kuondoa jambo isipokuwa mwenyewe." Ndipo Mellen akainuka. "Kioo changu kiko wapi?" Akapewa. Akajitazama, akafuta vumbi kwa kanga. "Uchaguzi umepita. Serikali itangoja miaka mitano kabla ya kuutafuta uso wangu, na mimi nitazeeka tu. Huyu mtoto nilimshika kwa kola. Kola haishiki mara mbili." Akakitia kioo kifuani akaketi.

Wakataka kuhesabu kwa mikono. Wazee wakakataa, wakasema jambo lililokimbiwa kwa mahindi lirudishwe kwa mahindi. Debe likaletwa. Watu walipita mmoja mmoja na kutia punje kwenye kiatu. Baba Liz alipita wa kwanza. Kilijaa hadi kwenye kamba zake, mahindi yakaanza kumwagika. Naibu wa chifu alikuwa nyuma na kalamu yake. Mellen akamwambia, "Wewe nawe una mtoto anayesoma ng'ambo, acha kuandika." Akaja.

Osoro amekwenda kwa D.O. na barua, amekwenda na kiatu pia. D.O. ameipokea barua, kiatu amekirudisha, amesema pale si duka. Amesema mhandisi atakuja kupima mvua zikipungua. Sijui kama ni kweli. Walisema hivyo kuhusu zahanati. Kwa sasa Mellen amekubali Mourine alale kwake ng'ambo siku za shule, hadi mtihani au hadi daraja, litakalotangulia.

Mzee wa ukoo aliiondoa kamba kwa fimbo, ikachomwa mahali panapostahili. Baba Liz alitaja jina la nduguye wakati ikiwaka. Mara moja tu.

Kiatu cha kushoto kimerudi, kina vumbi la mahindi ndani. Mourine anataka cha kulia.

Dada yako,
Benta


Osiri
10 Mei 1998

Nyamera Benta,

Salamu kwako na kwa nyumba yote. Mimi sijambo. Mvua inatutesa, tunachota maji shimoni kuliko tunavyochota mawe, lakini niko. Kwa Mellen sijui nianzie wapi, kwa hiyo nimemtumia sabuni ya miche, anajua kuitumia.

Jana nilikwenda sokoni Migori kwa yule mama wa Kisii aliyeniuzia viatu, Nyasuguta. Nikamwambia, "Mama, nataka kiatu kimoja, cha kulia."

Akanitazama chini. "Mzee, mguu mwingine umeuacha shimoni?"

"Si changu. Ni cha mtoto."

"Na mtoto ana mguu mmoja?"

"Ana miwili. Kiatu kimoja kilikwenda na maji, na kingine kilikwenda kwa D.O."

Alicheka hadi akaita jirani zake waje wanisikilize. Nikaeleza yote, na mwishoni hakuna aliyecheka. Lakini biashara ni biashara. Alisema, "Nikikuuzia cha kulia, cha kushoto nimuuzie nani?" Nimenunua jozi nzima, akanipunguzia.

Kwa hiyo Mourine avae hivi vipya, vyote viwili. Avae akiwa kwa Mellen, na gogo asilikanyage hata mvua ikikatika, hata rafiki zake wakimcheka. Mwambie baba yake amesema. Mimi bado silali vizuri. Mhandisi atakayekuja mvua zikipungua simwamini. Nimeishi miaka mingi nikiambiwa magogo ya kushikilia kuta za shimo yanakuja, na bado naangalia juu kila nikishuka.

Huyo Nchagwa ameniuliza kama kikundi chenu kinaweza kuja kutufundisha kupanga mambo. Nikamwambia tutaanza na hayo magogo. Akauliza tutaweka kitu gani chini. Bado tunafikiri, na safari hii nitauliza watu wote kabla sijakichagua.

Sasa kile cha kushoto cha zamani kimezidi. Usikitupe, na Mourine asikifanye cha kuchezea. Kifute, kijaze magazeti, mpe Bwana Osoro akiweke ofisini mahali anapokiona akiingia na akitoka. Mhandisi akija, daraja likijengwa, nitakuja kukivusha Awach kwa mkono wangu. Januari ikifika na gogo bado ni gogo, kiwekeni tena chini, cha kwanza kabla ya chupa na gunia.

Nisalimie Otieno. Unajua alipo. Pita tu hapo useme Elkana amekusalimu.

Ndugu yako,
Elkana